Usiseme Asante Mapema

Mvua ya Montevideo hainyeshi, inanyemelea.
Inaingia chini ya mlango kama jirani asiyebisha hodi,
na mimi, bila kuambiwa, nashusha unga kabatini,
kwa kuwa huku kwetu mawingu yakifunga kila jiko hukaanga:
maandazi bapa, tundu moja katikati,
sukari juu, vidole vikiungua.
Ofelia wa chumba cha pili hugonga ukuta mara mbili.
Maana yake: yangu yameiva, yako je?

Huyo hana simu ya kisasa. Ana ukuta.

Asubuhi kwenye basi
kijana mmoja alifungulia ugomvi wa ndoa yake kwa sauti kubwa,
sekunde arobaini za mke, sekunde kumi za kwake,
nasi abiria thelathini tukawa mashahidi bila kiapo.
Nilitaka kumwambia: mwanangu, aibu ya nyumbani ina mlango.
Sikusema.
Nilipitiliza kituo changu, viwili zaidi,
nijue kama mke atasamehe.
(Hakusamehe. Au simu iliishiwa chaji.)

Kwa hiyo mimi si hakimu wa adabu za watu.

Kinywaji chetu kinaitwa mate, na jina halidanganyi:
kibuyu kimoja, mrija mmoja wa chuma,
vinywa vyote vilivyomo sebuleni.
Anayemimina ni mmoja, chupa ya maji moto haiondoki kwapani mwake.
Na sheria, ambayo sijaiona imeandikwa popote, ni hii:
ukirudisha kibuyu, nyamaza.
Ukisema asante, umeaga. Umetosheka.
Zamu itakuruka hadi maji yaishe.

Mwaka wa themanini na tisa tulikwenda Rivera kwa basi la usiku,
mji ambao ukivuka barabara kununua sabuni
umeshaingia Brazili, na chenji yako imebadilika sura.
Ng'ambo ya ujia alikaa mgeni, Mnorwei, magoti yakigusa kidevu.
Líber, mume wangu, akampa kibuyu.
Akanywa, uchungu ukamkunja uso,
akaweka mkono kifuani, akasema kwa lugha yetu,
neno kwa neno, kama aliyelikariri njia nzima toka kwao:
asante sana.

Basi.
Kilomita mia tano kibuyu kilipita mbele ya pua yake,
naye akakisindikiza kwa macho kila kilipopita
kama mtoto anayechungulia harusi dirishani,
huku akitabasamu, maana alilelewa vizuri.
Kosa lake nililijua. Neno moja lingemwokoa.
Nilicheka ndani ya skafu.

Hoteli ya Rivera nimeisahau, na tulichonunua, na bei.
Shingo ya yule mtu inavyogeuka, kulia, kushoto, kulia,
hiyo naiona hata nikikaanga.

Líber mwenyewe, Agosti ile ya baridi, wodini,
alinirudishia kibuyu kikiwa nusu.
Asante, akasema.
Miaka thelathini na minne, na neno hilo
sikuwahi kulisikia kwake mapema vile.
Nikakaza kifuniko cha chupa. Nikakaza tena.

Saa kumi na moja jioni Nahuel anaingia, mjukuu, viatu vinachuruzika,
busu moja la shavuni, macho hayabanduki kwenye kioo cha simu.
Anakula andazi la tatu bila kuuliza la nani.
(La Ofelia. Nitagonga ukuta kuomba radhi.)
Namimina. Anapokea. Ananyonya mpaka mrija unakoroma.
Ananyoosha mkono kunirudishia, hanitazami,
hasemi kitu.

Mama yake angemkemea.
Mimi naongeza maji.